Kusimama si Kwisha: Njia ya Kufundisha Uchachukaji Uliokwama

Katika somo la uchachukaji, wanafunzi wengi hukariri kwamba hamira hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na hewa ya kabonidayoksaidi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamwezeshi mwanafunzi kujibu swali hili: kwa nini mapovu hukoma ilhali pombe ingali tamu? Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi swali hilo linavyomzoeza mwanafunzi kutenganisha sababu badala ya kubahatisha.

Tumechagua mfano wa bia kali ya shayiri itengenezwayo majumbani nchini Uingereza, ambako sharti la leseni kwa bia ya matumizi ya nyumbani liliondolewa mwaka 1963. Watengenezaji wake hutumia haidromita, hivyo tunapata tarakimu za kufanyia kazi. Katika maji safi chombo hicho husomeka 1.000. Sukari ikiongezwa, kipimo hupanda. Hamira ikiila, kipimo hushuka.

Hatua ya kwanza: hesabu. Mwalimu aandike ubaoni bia tatu zilizotiwa hamira ya aina moja:

A: kutoka 1.040 hadi 1.010
B: kutoka 1.088 hadi 1.022
C: kutoka 1.088 hadi 1.035

Kisha aulize ni ipi iliyokwama. Huenda wengi wakataja B na C, kwa kuwa vipimo vyake vya mwisho ni vikubwa. Na wapige hesabu: A imeshuka 30 kati ya 40, na B 66 kati ya 88, zote zimeshuka robo tatu. Basi B haina kasoro. Imebakiza mengi kwa sababu ilianza na mengi. C imeshuka 53 tu, yaani kama asilimia 60. Hiyo ndiyo ya kutiliwa shaka.

Hatua ya pili: sababu. Wanafunzi wazitafute kwa vikundi, na mwalimu azipange katika mafungu matatu:

(a) Kipimo ni cha uongo. Viputo hung'ang'ania haidromita na kuinyanyua.
(b) Hamira imeshindwa, kwa uchache wake, kwa baridi, au kwa ukali wa alkoholi.
(c) Kilichobaki si chakula cha hamira. Kimea kikilowekwa katika maji ya nyuzi joto 70 za sentigredi badala ya 65, kimeng'enya kinachotoa sukari nyepesi huharibika mapema, na dekstrini nyingi husalia.

Hatua ya tatu: jaribio. Mwalimu asitoe jibu. Awaulize wanafunzi jinsi ya kuzitenganisha sababu hizo. Njia ni hii: chukua bia kidogo ya C, itikise mpaka hewa itoke, upime tena. Kipimo kisipobadilika, tia hamira mpya kwa wingi, uiweke mahali penye nyuzi joto 25 kwa siku mbili. Kikishuka, chakula kilikuwapo, na hamira ya kwanza ndiyo iliyoshindwa. Kisiposhuka, tuichunguze namna kimea kilivyolowekwa.

Shuleni haihitajiki bia. Chupa mbili za maji yenye sukari na hamira kwa kiasi kile kile, zikivishwa vibofu mdomoni, moja katika maji ya uvuguvugu na nyingine katika maji baridi, zitatosha kuonyesha sababu ya baridi. Mchanganyiko usinywewe, umwagwe baada ya somo.

Mwisho, wanafunzi waelezwe kwamba jambo hili si la kitaaluma tu. Gramu 20 za sukari zikisalia katika lita moja, kisha hamira ikaamka ndani ya chupa iliyozibwa, hutoka karibu gramu 10 za kabonidayoksaidi, ambazo kwa kawaida zingejaza nafasi ya lita 5. Chupa huweza kupasuka na vigae vyake kumjeruhi mtu. Aliyefundishwa kwamba kusimama si kwisha hupima kwanza, ndipo akaziba.