Chombo cha Chakula cha Kazini

Msimu wa karafuu, mchumaji hutoka nyumbani alfajiri na kula adhuhuri. Chakula alichofungiwa kinakuwa kimeshakaa saa sita au zaidi chini ya mkarafuu. Anayefuata mwani maji yakipwa, fundi wa Wete na mwalimu wa Micheweni, wote wana shida hiyohiyo.

Vijidudu vinavyoharibu chakula huzaliana upesi katika joto la nyuzi 5 hadi 60 za Selsiasi, na mchana wetu wa Pemba umo humo humo. Kwa hiyo ama chakula kifike kikiwa moto kwelikweli, ama kiwe cha aina inayostahimili: mikate mikavu, muhogo wa kukaanga, ndizi.

Wali ndio wa kuogopwa zaidi. Mchele hubeba vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, na mbegu za vijidudu hivyo hazifi kwa kuchemka. Wali ukipoa polepole ndani ya chombo kilichofunikwa, mbegu huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haitoki hata wali ukipashwa moto tena. Mlaji huweza kuanza kutapika kabla hajarudi nyumbani. Usingoje wali uchache au ufanye utelezi ndipo uushuku. Sumu haina harufu.

Anayetaka kubeba wali basi anunue hotpoti, na aijaribu kwanza. Alfajiri tia maji yanayochemka, funga, fungua wakati ambao mlaji angekula. Chota kidogo uguse: maji yakiwa vuguvugu tu, hotpoti hiyo ibebe mikate. Ikifaulu, kila siku isuuze kwa maji ya moto kabla ya kupakua, upakue wali ukitoka jikoni, na uijaze. Nafasi tupu ndani hupoza chakula.

Dukani, tia maji ndani ya chombo, funga, kigeuze juu chini. Kikivuja, kirudishe. Kisha ng'oa mpira wa kifuniko. Usipong'oka hutaweza kuusafisha, na mchuzi utakaa chini yake siku zote. Chombo cha plastiki kiwe na alama ya bilauri na uma, maana yake kimetengenezwa kwa chakula. Kikichubuka kwa kisu au kikipasuka, kifanye cha kuhifadhia misumari, si chakula. Kopo la rangi na dumu la dawa ya shamba visiguse chakula hata vikioshwa mara kumi. Dawa huingia ndani ya plastiki yenyewe.

Kuhusu mfuko, Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na kwa chakula hatukupoteza kitu. Mkapu wa ukili unatosha: hupitisha hewa, huoshwa, hukauka juani. Ila usitie chakula humo bila chombo chake, na usiutumie mkapu uleule kubebea samaki wabichi. Shambani utundikwe kivulini, mbali na sisimizi.

Chombo kikirudi jioni kioshwe jioni ileile kwa sabuni, mpira na kifuniko mbalimbali, kisha kianikwe wazi. Kukifunga kikiwa na maji maji ni kukiandalia ukungu.

Na unapomfungia mlaji chakula, mtilie pia chupa ya maji safi na kipande cha sabuni. Mikono iliyoshika matawi, udongo na kamba tangu asubuhi ndiyo atakayolia.