Unapohudumia Manusura kwa Simu

Kafyu ya korona ilipoanza Kenya, Machi 2020, mwisho wa kutembea ulikuwa saa moja jioni. Manusura wengi walibaki nyumba moja na wanaowapiga. Nawe mshauri, uliyezoea ofisi yenye mlango, ukawa unapokea simu zao chumbani kwako. Mlipuko mwingine ukija, ukukute umejipanga.

Anza na laini ya kazi. Hata simu ya mulika mwizi inatosha. Zamu ikiisha, izime. Mteja awe na namba ya usiku mapema: 1195, laini ya kitaifa ya manusura wa ukatili wa kijinsia, hupokelewa saa 24, bila malipo. Kwa hiyo humtupi mtu ukizima.

Usipokee simu za kazi kitandani. Kama una chumba kimoja, tenga kiti na ukigeuzie ukuta. Spika usiweke kabisa. Watoto wana masikio.

Sasa, jambo linalonyima watu usingizi. Mara nyingi si kisa chenyewe, ni shaka: je, nilimwambia kuhusu dawa? Bandika karatasi ya maswali na maagizo mbele yako. Yuko salama sasa hivi? Amebakwa? Afike hospitali haraka, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72. Asioge kwanza, nguo alizovaa azibebe kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki. Nimpigie saa ngapi, na akipokea mwanamume niseme nini? Pitia yote kabla ya kukata simu. Kisha andika faili papo hapo, ukitaja nani anafuatilia. Ndipo unyanyuke, unywe maji, utoke nje kidogo.

Usiahidi nafasi ya nyumba salama kabla hujaipigia. Ahadi iliyovunjika itakutafuna kuliko kusema "subiri niulize".

Kesi ikifanana na yaliyokupata wewe, mpe mwenzako. Sema mapema, bila kujieleza sana.

Mdai msimamizi wako kikao cha wiki cha kuzungumzia hali yako. Kile cha kuhesabu kesi za ripoti hakihesabiki, hata kikiitwa hivyo. Ukianza kumkasirikia mteja, au moyo unapiga mbio kila simu ikilia, usingoje kikao: omba mapumziko na mshauri wa nje ya shirika.

Na salio? Bando? Hizo ni gharama za kazi. Ziombe kwa maandishi, kila mwezi, kabla hujazitoa mfukoni.