Kuona mwenzako anatazama wapi

Swali: Mimi na mwenzangu tunasahihisha programu ya kompyuta kwa mbali, yeye yuko Mombasa, mimi Dodoma. Kuna faida gani kila mmoja akiona jicho la mwenzake liko wapi kwenye skrini?

Jibu: Faida ipo, hasa mnapotafuta kitu. Mwaka 2008 Susan Brennan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stony Brook, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wawili wawili waliotafuta herufi O iliyojificha kati ya Q nyingi. Alama ndogo ilimwonyesha kila mmoja mwenzake anatazama wapi. Waliokuwa na alama peke yake waligawana skrini bila kuambiana, huyu huku, yule kule, wakawa wepesi kuliko hata waliopewa alama pamoja na sauti. Kuzungumza kuliwachelewesha.

Ila kosa la programu si herufi. Jicho husema “hapa”, halisemi “kwa sababu gani”, na mtu huweza kukodolea macho mstari huku akili iko kwingine. Kwa hiyo msiache kuzungumza. Alama iwe hafifu, tena muweze kuizima; inayorukaruka muda wote huchosha. Kama hamna kamera ya kufuatilia macho, anayesoma asogeze kishale cha mausi pale anaposoma. Hakilingani na jicho, lakini kinapunguza lile swali la “mstari upi?”