Wakala au Mtenda? Ushirikiano wa Programu Angani na Suala la Istilahi

Makala haya yanajadili namna programu za kompyuta zinavyoshirikiana kuziepusha ndege na migongano, na yanadai kwamba uteuzi wa istilahi ya kuzitaja programu hizo si suala la mapambo ya lugha.

Katika isimu, mtenda ni yule anayetekeleza kitendo kinachotajwa na kitenzi. Wakala, kwa upande mwingine, hutenda kwa niaba ya mwenzake, katika mipaka ya idhini aliyopewa. Je, programu inayoamua ndege ipae au ishuke ni mtenda au ni wakala?

Tuchukue mfano wa TCAS, mtambo wa kuzuia migongano. Ndege mbili zinapokaribiana, mtambo wa kila ndege hukadiria muda uliosalia kabla hazijakutana, kisha huteua mwelekeo. Mtambo unaotangulia kuteua huuarifu ule mwingine, nao hulazimika kuchukua mwelekeo ulio kinyume. Iwapo yote miwili itateua mwelekeo mmoja kwa wakati mmoja, ule wenye nambari kubwa zaidi ya utambulisho hugeuza uamuzi wake. Hakuna msimamizi kati yao. Ipo kanuni waliyowekewa mapema.

Hata hivyo, tarehe 1 Julai 2002, ndege ya abiria ya Urusi aina ya Tupolev na ndege ya mizigo aina ya Boeing 757 ziligongana karibu na Überlingen, Ujerumani. Mitambo ilikuwa imeafikiana: Tupolev ipae, Boeing ishuke. Lakini mwongozaji wa safari za ndege aliyekuwa Zürich, asiyejua mapatano hayo, aliiamuru Tupolev ishuke. Marubani wa Tupolev walimtii mwanadamu. Wale wa Boeing waliutii mtambo. Zote mbili zikashuka. Watu 71 waliangamia, wengi wao watoto.

Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ifahamike kuwa manahodha waliokinzana hapa si mitambo miwili, bali ni mtambo na mwongozaji, na kanuni za wakati huo hazikubainisha ipasavyo nani atiiwe. Baada ya ajali hiyo, kanuni za kimataifa zilifafanuliwa: ushauri wa mtambo hutangulia amri ya mwongozaji. Baadaye Airbus ilibuni mfumo unaoiwezesha ndege kuutekeleza ushauri huo yenyewe, ikianza na A380.

Kwa hivyo, tunapendekeza istilahi wakala. Neno mtenda hutuambia tu nani alitenda. Neno wakala hutulazimisha kuuliza: ametumwa na nani, idhini yake inakoma wapi, na nani atawajibika mambo yakiharibika? Kadiri mitambo inavyokabidhiwa maamuzi zaidi, hatuna budi kuteua istilahi zisizoyafunika maswali hayo.