SOMO LA ROBO HII: Kazi Zipo, Mbona Umaskini Haupungui?



Katika vikao vyetu husikika kauli hii: "Mkoa ule una shughuli nyingi, watu wake wana kazi, msaada upelekwe kwingine." Tuipime kauli hiyo kwa kulinganisha mikoa mitatu ya Tanzania.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini kuwa matumizi ya shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Waliokuwa chini ya mstari huo Tanzania Bara walikuwa asilimia 26.4. Dar es Salaam walikuwa asilimia 8 hivi. Geita, zaidi ya theluthi moja. Rukwa, asilimia 45.

Rukwa hulisha mikoa mingine mahindi. Watu wake hawakosi kazi. Wanachokosa ni kipato. Soko kubwa liko mbali, usafiri ni ghali, na mwenye shida ya ada au matibabu huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini.

Geita ina mgodi mkubwa wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Lakini mgodi wa namna hiyo hutumia mitambo zaidi kuliko mikono, na huajiri wachache wenye ujuzi. Wananchi walio wengi wamebaki na jembe.

Dar es Salaam ina bandari, viwanda na biashara za kila aina. Hata mama lishe hupata wateja kila siku, hivyo fedha huzunguka mwaka mzima.

Tunajifunza nini? Wingi wa kazi au utajiri wa mkoa hautoshi kutuambia hali ya kaya. Tuulize kazi hiyo inalipa kiasi gani, kwa miezi mingapi, na inamfikia nani.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika parokia yetu, ni kaya zipi zinafanya kazi mwaka mzima na bado hazitoshelezi mahitaji?
2. Mazao yetu huuzwa lini, na nani hupanga bei?
3. Vijana wetu wanakosa ujuzi gani unaotakiwa na waajiri wa karibu?

Kamati ijibu maswali haya kabla ya kuandika ombi la mradi. Huenda ghala la kuhifadhia mahindi likafaa kuliko cherehani kumi zisizo na wateja.