Nyumba Mpya, na Watoto Je?



Baba anarudi jioni na habari njema: amepata nyumba. Kodi ni nafuu, maji yapo, steji iko karibu. Mama anauliza, "Na watoto watasoma wapi?" Baba anajibu, "Shule hazikosekani Nairobi." Mama ananyamaza, lakini hajakubali. Ugomvi wa mwaka mzima umeshaingia ndani pamoja na viti.

Ni kweli shule zipo. Tangu Januari 2003 shule za msingi za serikali hazitozi karo, na hapa Dagoretti tunazo Gatina, Kawangware, Riruta Satellite, Ndurarua na nyinginezo. Lakini mitaa mingine ina watoto wengi kuliko madawati, na ndiyo maana shule za binafsi za mabati zimechipuka vichochoroni. Asubuhi ya Septemba 23, 2019, jengo la shule moja ya binafsi lilianguka kule Ng'ando, watoto 8 wakafa. Sisemi haya kuwalaumu wazazi wale. Nani atamwacha mtoto wa miaka sita avuke Ngong Road peke yake? Mzazi huchukua shule iliyo karibu na mlango wake. Basi tazameni mlango wenyewe mnauweka wapi.

Tena siku hizi jambo hili ni la muda mrefu. Tangu 2023 sekondari ya chini imo ndani ya shule za msingi, hivyo mtoto anaweza kukaa uwanja mmoja kuanzia gredi ya kwanza hadi ya tisa. Hiyo ni miaka 9 ya kuamka alfajiri.

Kaeni na kalamu. Tuseme kuhamia mbali kunawapunguzia kodi shilingi 3,000 kwa mwezi. Matatu ya mtoto ikiwa shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, siku 20 za shule ni shilingi 2,000. Watoto wawili, 4,000. Mmehama ili mpate hasara, na watoto wanafika nyumbani wakisinzia.

Kabla ya kulipa deposti, nendeni mtaa huo siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtembee kwa miguu kutoka nyumba hiyo hadi shuleni. Nendeni wote wawili. (Baba, usimtume mama peke yake kisha umlaumu baadaye.) Mwulizeni mwalimu mkuu kama kuna nafasi, darasa lina watoto wangapi, vyoo vikoje, na kama shule imo katika mpango wa kaunti ulioanza 2023, ambao mtoto hulipa shilingi 5 kwa chakula cha mchana. Kisha waulizeni wanajumuiya wa mtaa huo. Hao watawaambia ambayo mwalimu hakuyasema.

Baba mwingine atasema anabana kodi ili amalize ploti yake kule Ngong. Ni nia njema, lakini amweleze mkewe itachukua miaka mingapi, na katika miaka hiyo mtoto atakuwa gredi ya ngapi. Huenda mkakubaliana kukaa chumba kimoja karibu na shule nzuri badala ya viwili mbali nayo.

Leo usiku, watoto wakishalala, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake mambo matatu anayoyataka katika nyumba ijayo. Msionyeshane mpaka wote mmemaliza.