JE, HILA NI HALALI KATIKA MCHEZO WA KUBADILI KANUNI?

Katika bao au kandanda kanuni hazibadiliki watu wakiwa wanacheza. Lakini uko mchezo uitwao Nomic ambao kazi yake hasa ni kubadili kanuni. Uliundwa na Mmarekani, Peter Suber, mwalimu wa falsafa, ukatangazwa mwaka 1982. Huanza na kanuni 29. Zamu yako ikifika, hutoa pendekezo la kubadili kanuni, wote wakapiga kura. Kisha hurusha dadu kupata pointi. Mwenye kufikisha pointi 100 kwanza ndiye mshindi. Ugomvi ukizuka, mchezaji aliyetangulia zamu huwa mwamuzi.

Hila huingia hapa. Mchezaji huona ufa katika maneno ya kanuni, akapita humo akashinda. Kanuni ya 116 yasema kwamba lisilokatazwa limeruhusiwa, isipokuwa kubadili kanuni zenyewe. Lakini kanuni ya 101 yawataka wote watii kanuni zote zilizopo. Basi mwenye hila ni mwerevu, au ni mwizi?

Tutazame habari za kale za Kilwa. Yasimuliwa kuwa Ali, mgeni kutoka Shirazi, alikinunua Kisiwani kwa nguo za kukizunguka chote. Zamani hizo maji yakipwa watu walivuka kwa miguu. Mfalme aliyeuza akahamia bara, huku akinuia kurudi kwa vita. Ali akachimba mkondo ukawa wa kina. Mfalme akangoja maji yapwe, asipate njia.

Bei ya Ali ilikuwa ya ajabu, lakini ilitajwa wazi, ikaridhiwa, ikalipwa. Wala hatusikii kwamba mapatano yalikataza kuchimba. Hiyo ni hila ndani ya kanuni. Mfalme alipokea nguo, kisha akakitaka na kisiwa. Huko ni kuvunja kanuni.

Mpinzani atasema, "Hila ikiruhusiwa, wajuao maneno watawashinda waaminifu." Ni kweli, lakini kwa zamu moja tu. Ufa ukishaonekana, huzibwa kwa kura. Kanuni iliyovunjwa haizibwi hivyo, maana aliyeivunja ya kale ataivunja na mpya.

Hata hivyo hapana budi tuweke mpaka. Katiba yetu ya mwaka 1977 nayo hujibadili: ibara ya 98 yataka theluthi mbili ya wabunge wote, na kwa mambo fulani theluthi mbili ya wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar. Katika mchezo, anayeumizwa na hila alikubali kucheza. Katika sheria ya nchi, huumia hata mkulima wa korosho asiyepata kuisoma. Kwa hiyo nasema: hila mchezoni ni halali, kuvunja kanuni si halali popote, na hila katika sheria za watu ni dhuluma.

Maswali ya kujadili:
1. Je, mkondo wa Ali ulikuwa hila au kujilinda?
2. Kama mapatano yangesema njia isizibwe, hukumu yako ingekuwaje?

Mwanafunzi, Kidato cha Nne